Kivuli Nilichokifuta

Asubuhi za kwetu Honnagere zilianza na mngurumo wa jiwe la kusagia. Mama alisaga ulezi, bibi alinisuka nywele huku akinivuta kichwa kama anayefunga mzigo, na dada yangu Vimala alisimama mlangoni akinihimiza.

"Nagaveni, daftari langu umeliweka?"

"Nimeliweka, dada."

"Usilitie mchuzi kama juzi. Likiharibika, majibu utayatoa wapi?"

Daftari lile la majaribio ya sayansi lilikuwa urithi katika ukoo wetu. Aliliandika binti wa shangazi, Vimala akalinakili, na sasa ilikuwa zamu yangu kulinakili la Vimala. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya vema na sahihi ya mtahini kwa wino wa kijani. Kwa mujibu wa daftari hilo, maji ya Honnagere yalichemka kwa nyuzi mia kamili miaka tisa mfululizo, ingawa shule yetu haikuwa na kipimajoto.

"Mtahini anataka jibu la kitabuni," Vimala alinifundisha. "Anza na jibu, halafu rudi nyuma utengeneze vipimo. Sote tulifanya hivyo."

Nilikuwa darasa la saba, na nilimwamini dada yangu.

Mwaka huohuo redio ilitutangazia kwamba mtu wa nchi yetu amezunguka dunia angani. Mwezi wa sita, shule zilipofunguliwa, akaja Mwalimu Mandakini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na sanduku lake la vitabu lilikuwa zito kuliko la nguo. Tulisikia kwamba ameshahamishwa shule mbili kwa sababu ya ubishi wake. Wiki ya kwanza alikusanya vitabu vyetu vya majibu, vile vya kununuliwa dukani, akavifungia kabatini. Wiki ya pili aliomba chumba cha kuwekea madawati mabovu, akakisafisha mwenyewe, akapaka dari rangi nyeusi na kuchora juu yake nyota kwa chokaa. Akakiita darasa la anga.

"Humu ndani," alituambia, "hakuna jibu la kukariri. Tutaandika tunachokiona. Tukikosea, tutaandika kwamba tumekosea."

Nilimpenda kwa jambo moja dogo. Macho yangu yalikuwa hafifu na sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu watoto wangeniita kipofu. Siku moja alisema anataka msaidizi wa kumshikia chaki, akanihamishia dawati la mbele kabisa. Hakusema neno juu ya macho. Tangu siku hiyo niliuona ubao.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Puttaraju, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu. Wazazi walikuwa wameanza kumuuliza kwa nini watoto wanapima vijiti badala ya kukariri. Mwezi wa nane ikaja barua. Afisa elimu wa wilaya, Bwana Rudrayya, angekuja Ijumaa ya wiki iliyofuata kulikagua darasa la anga. Kama halina matunda, vitabu vya majibu vitarudi, na Mwalimu Mandakini atapewa uhamisho wa tatu.

Mwalimu aliamua kwamba tutamwonyesha mgeni jambo moja tu. Tutaipima dunia.

"Dunia yote, Mwalimu?" aliuliza rafiki yangu Jabeena. "Kwa kamba gani?"

"Kwa kivuli," alijibu.

Akatueleza. Kama dunia ingekuwa bapa kama sinia, nguzo mbili zenye urefu sawa zingekuwa na vivuli sawa popote saa ya adhuhuri. Kwa kuwa ni mviringo, vivuli vinatofautiana. Rafiki yake alifundisha katika shule moja ya kaskazini, kilomita mia mbili thelathini na tatu kutoka kwetu. Shule zote mbili zitasimamisha nguzo ya mita mbili Jumamosi ileile, kabla ya ukaguzi, na kupima kivuli kifupi kuliko vyote. Tofauti ya vivuli viwili, pamoja na umbali wa shule, itatupa mzunguko wa dunia nzima.

"Na sisi kivuli chetu kitakuwa na urefu gani?" nikauliza.

"Sikuambii, Nagaveni. Nikikuambia, utakiona hata kama hakipo."

Akanichagua mimi kupima, na Jabeena kushika saa. Alisema mimi nina subira.

Jioni ya siku moja kabla ya kupima, Mama Hanumakka, mfagiaji wa shule, alikandika uwanja kwa samadi ya ng'ombe mpaka ukawa laini kama ngozi ya ngoma. Jumamosi asubuhi tulisimamisha nguzo, Mwalimu akahakikisha kwa timazi kuwa imenyooka. Kisha akapanda baiskeli kwenda posta ya mji wa jirani, kwa sababu simu ya kutoka kaskazini ingepigwa huko saa saba.

"Andikeni mnachokiona," alisema akiondoka. "Hayo tu."

Kwetu jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Huchelewa kidogo. Kuanzia saa sita na dakika kumi, kila baada ya dakika tano, Jabeena alisema "Sasa!" nami nikabonyeza kokwa ya ukwaju katika samadi mbichi, pale kilipoishia kivuli. Kokwa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kivuli kilifupika. Kokwa ya nne ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na nguzo. Ya tano, ya sita na ya saba zikaanza kurudi mbali. Nikachukua rula na kupima ile ya nne, nikaandika katika daftari langu mwenyewe: milimita 38.

Hapo akatokea Tippesha wa darasa la nane, anatafuna karanga.

"Kah! Bado kivuli kipo?" akasema. "Redio ya Bengaluru imetangaza leo. Adhuhuri jua linakaa utosini na kivuli kinapotea kabisa. Chenu kimekataa kupotea?"

"Hakikupotea," alisema Jabeena.

"Basi nguzo yenu imelewa. Mmeisimamisha kama mjomba wangu anavyosimama jioni ya sikukuu." Akacheka peke yake. "Ijumaa afisa atawacheka mpaka akohoe. Na Mwalimu wenu atafunga sanduku."

Akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika daftari. Redio imesema kivuli kitapotea. Kwa hiyo jibu ni sifuri. Kwa hiyo mimi, niliyechaguliwa kwa subira yangu, nimeharibu. Nikaisikia sauti ya Vimala: anza na jibu.

Nikachukua kifutio. Nikafuta thelathini na nane kwa nguvu hata karatasi ikatoboka, nikaandika sifuri pembeni ya tundu.

"Nagaveni, unafanya nini?" Jabeena akanishika mkono. "Tumekiona kwa macho yetu!"

"Nyamaza wewe! Unataka Mwalimu ahamishwe? Ukisema neno, si rafiki yangu tena."

Jabeena akauachia mkono wangu taratibu, akanitazama, kisha akaiweka saa chini kando ya nguzo na kwenda kwao bila kuaga.

Mwalimu alirudi saa nane, vumbi mpaka kwenye nyusi, uso unang'aa. Kaskazini walikuwa wamepata milimita mia moja na kumi na mbili.

"Na ninyi?"

Nikampa daftari. Akalisoma. Akaangalia lile tundu, kisha akaniangalia mimi.

"Sifuri kabisa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Una hakika, mwanangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akalifunga daftari. Halafu akasema, "Haya. Kama umeona wewe, ni kama nimeona mimi."

Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani. Nilikula nayo na kulala nayo. Jabeena hakunisemesha wiki nzima, na kila nilipopita uwanjani niligeuza uso, nisiione ile nguzo.

Ijumaa Bwana Rudrayya alifika na pikipiki. Alikuwa mnene, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na kalamu ya kijani mfukoni. Tulijipanga katika darasa la anga, wazazi wachache wakisimama nyuma. Nami, kwa wema wa Mwalimu, nilikuwa dawati la mbele, ambapo kila kitu huonekana na kila kitu husikika.

Mwalimu alichora duara, akaandika vivuli viwili, akapiga hesabu hatua kwa hatua. Namba ya mwisho ilipotokea, mkono wake ukasimama. Ilikuwa kilomita elfu ishirini na sita.

Nilimwona Bwana Puttaraju akimsogelea na kumnong'oneza. "Mwalimu, kitabuni ni elfu arobaini. Badili hicho kivuli. Nani atajua?"

"Watoto watajua," alijibu kwa sauti ndogo.

Bwana Rudrayya tayari alikuwa anacheka. "Elfu ishirini na sita! Dunia ya kitabuni ni elfu arobaini. Elfu kumi na nne zimeliwa na nani, Mwalimu? Mchwa?"

Wazazi wakacheka. Watoto nao, kwa kuwaona wakubwa wanacheka, wakacheka. Jabeena peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama migongo ya mikono yake.

"Bwana, kuna kosa mahali," Mwalimu alisema. "Bado sijalipata, na nitalitafuta. Lakini siwezi kuandika namba ambayo wanafunzi wangu hawakuipima. Waliandika walichokiona."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu wangu alikuwa anachekwa mbele ya watu, kwa sababu aliniamini.

"Baada ya chakula," alisema Bwana Rudrayya akipangusa machozi ya kicheko, "nitaandika katika kitabu cha ukaguzi. Sidhani kama nitaandika mengi."

Wakubwa wakaenda kula ofisini. Mimi nikakimbilia nyuma ya tangi la maji, nikauweka uso chini ya bomba. Mama Hanumakka alinikuta hapo na ufagio wake.

"Hayo ni maji au machozi?" akauliza. Akachukua pindo la sari yake, akanipangusa mashavu. "Haya, utanielezea ukitaka. Na zile kokwa zako je, niziondoe sasa? Siku sita nazizunguka na ufagio. Jumanne yalipodondoka manyunyu nikazifunika gunia. Nilisema, mtoto hawezi kupanga kokwa saba vizuri namna ile kwa mchezo tu."

Nikauinua uso. Kokwa zipo! Mimi niliufuta ukweli daftarini, na huyu mama, ambaye hakujua hata ni wa nini, alikuwa ameutunza uwanjani.

Mwalimu alikuwa peke yake darasani, anakunja ramani ya nyota. Nilisimama mlangoni.

"Mwalimu. Hakikuwa sifuri."

Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Kilikuwa ngapi?"

"Milimita thelathini na nane."

Alifumba macho, midomo ikichezacheza kwa hesabu. Nikaona furaha ikimjia usoni kama taa. Kisha akafumbua macho, akaniona, na ile taa ikafifia.

"Redio ilisema kitapotea," nikaanza kulia. "Nilidhani nimekosea. Nilitaka usihamishwe."

"Kwa hiyo ukanipa sifuri nikasimame nayo mbele ya watu."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikaa kwenye dawati langu, akaiweka ramani magotini.

"Nenda kamwambie Bwana Rudrayya kwa kinywa chako," akasema mwishowe. "Nitasimama nyuma yako. Siwezi kusimama mbele yako."

Ofisini, Bwana Rudrayya alikuwa amemaliza kula na ananawa mikono. Nilisema yote, tangu kokwa ya kwanza mpaka kifutio. Maneno yalitoka kama mawe.

"Kwa hiyo ulidanganya," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Na sasa nitajuaje kwamba hii thelathini na nane si uongo wa pili?"

Mtu akishadanganya, hata ukweli wake unahitaji mdhamini. Hapo sauti ikasikika dirishani.

"Kokwa zipo, bwana. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyeshika saa."

Alikuwa Jabeena. Nilimnyamazisha siku ile, na leo alikuja kunisemea.

Tukaenda uwanjani wote. Bwana Rudrayya alipiga magoti mwenyewe juu ya samadi kavu, na rula mkononi. Alipata thelathini na saba. Jabeena akapima akapata thelathini na nane. Mimi nikapata thelathini na tisa.

"Sasa ipi ndiyo kweli?" akauliza Bwana Puttaraju kwa wasiwasi.

"Zote tatu tutaziandika," alisema Mwalimu, "na tutachukua ya katikati."

Akapiga hesabu pale pale chini, kwa kijiti. Kilomita elfu thelathini na tisa na mia sita.

Jabeena akauliza, "Lakini redio ilisema uongo?"

"Hapana. Redio ilisema juu ya Bengaluru. Sisi tuko kaskazini ya Bengaluru. Jua likiwa utosini kwao, kwetu limeinama kidogo. Kivuli chenu kilikuwa sahihi tangu mwanzo."

Nilisikia joto likinipanda shingoni mpaka masikioni. Nilikuwa na ukweli mkononi, nikauonea haya, nikaufuta.

Bwana Rudrayya alisimama akijipangusa magoti. "Binti, nani alikufundisha kuandika jibu kabla ya kupima?"

Sikutaka kumtaja dada yangu. Nikatoa mkobani lile daftari la urithi, nikampa kwa mikono miwili. Alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akasimamisha kidole chake juu ya wino wa kijani.

"Sahihi hii ni yangu," akasema.

Akamgeukia mwalimu mkuu.

"Bwana Puttaraju, shule hii ina kipimajoto?"

"Hapana, bwana."

"Tangu lini haina?"

"Tangu... tangu ijengwe, bwana."

"Na mimi nimempa mtoto kumi kwa kumi kwa kuchemsha maji." Akalifunga daftari, akanirudishia, na hakuniangalia machoni. Siku ile nilijifunza kwamba hata mtu mzima mwenye pikipiki huona haya.

Katika kitabu cha ukaguzi aliandika ukurasa mzima. Darasa la anga liendelee. Shule ipewe kipimajoto na mizani. Na katika mitihani ya wilaya, mwanafunzi aliyepima kweli asinyimwe alama kwa sababu kipimo chake hakilingani na kitabu.

Jioni, kabla ya kengele, nilimwendea Jabeena nyuma ya darasa. "Nisamehe," nikamwambia. "Nilikunyamazisha, na wewe ndiye uliyekuwa na haki."

"Nilikuwa na haki, na saa pia nilikuwa nayo," alijibu, bado amenuna. Kisha akanigawia nusu ya pipi yake ya ukwaju, nikajua yamekwisha.

Nilimwomba Mwalimu ruhusa ya kuuchana ukurasa wenye tundu.

"Usiuchane," alisema. "Andika chini yake kilichotokea, na tarehe." Akavuta kiti karibu. "Nikuambie. Chuoni, katika mtihani wangu wa mwisho, bembea ya kipimo, lile jiwe linaloyumba kwenye uzi, haikunipa jibu la kitabuni. Nikabadili namba. Nikapata alama zote, na mpaka leo sijui bembea ile ilitaka kunionyesha nini. Ndiyo maana nazunguka shule hadi shule nabishana na watu. Ukikosea kupima, mwanangu, sisi wengine tunaweza kulipata kosa lako na kulirekebisha. Ukifuta ulichokiona na kuandika kinachopendeza, umetunyang'anya njia ya kurudi. Usione haya kwa kipimo kisichofanana na cha kitabu. Ona haya kwa kifutio."

Mwalimu Mandakini alikaa nasi miaka minne. Uhamisho wake wa tatu ulikuja hatimaye, lakini haukuwa wa adhabu. Bwana Rudrayya mwenyewe alimpeleka kufundisha walimu wa wilaya nzima, na sanduku lake la vitabu likapanda basi kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa miaka ishirini na sita. Kabla ya kuondoka aliniomba ule ukurasa.

"Nitawaonyesha walimu," alisema. "Jina lako nitalikunja lisionekane."

Nilifikiri kidogo, na mashavu yangu yaliwaka kama siku ile ile.

"Usilikunje, Mwalimu," nikamwambia. "Waache walione."